Mtoto Aimbe Neno Lenyewe

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 31:19–22, Zaburi 23

Somo la wiki hii ni la wazazi na walimu wa watoto, lakini hata kama kwako hakuna mtoto, usikunje karatasi. Jirani yako anao.

Musa alipokaribia kufa, torati ilikuwa imekwisha kuandikwa na kukabidhiwa makuhani. Hata hivyo Mungu akamwagiza jambo lingine: aandike wimbo, awafundishe Israeli wote. Sababu iko katika mstari wa 21. Mungu alijua watu wakishashiba watamsahau, lakini wimbo ungebaki kwa watoto wao na kuwashuhudia. Musa hakungoja kesho. Aliuandika siku ile ile akaufundisha. Na ukisoma sura ya 32 utaona si wimbo wa kubembeleza. Una makemeo makali ndani yake. Kitabu mtu anaweza kukiweka kabatini mwaka mzima bila kukifungua. Wimbo ukishaingia kwa mtoto, unajiimba wenyewe akichota maji.

Ndugu zetu wa Bungoma hawahitaji kuelezwa hili mara mbili. Agosti ya mwaka wa tohara, ule unaogawanyika kwa mbili, chinyimba zikilia barabarani, hata mtoto ambaye hajajua kufunga vifungo vya shati anaitikia sioyaye. Nani alimketisha akamfundisha? Hakuna. Alisikia wakubwa, akaruka nao, akashika. Sisemi hapa kuhusu mila yenyewe, hiyo ina somo lake. Nasema kwamba watu wanaoweza kupitisha wimbo kutoka rika hadi rika, kuanzia Kolongolo hadi Sawa, hawana sababu ya kulia ati watoto wao hawashiki maandiko.

Kuna wazee huniuliza, mbona watoto watikise mabega kanisani, hiyo si kamabeka? Mimi huwajibu kwa Kutoka 15:20. Miriamu alishika tari, na wanawake wakamfuata kwa kucheza, bahari ikiwa bado iko pale nyuma yao. Bega aliliumba Mungu. Shida yangu haiko kwenye bega. Iko kwenye maneno.

Chukua Zaburi 23, mstari wa kwanza, ambao karibu kila darasa la watoto hapa Kitale huanza nao. Ndani yake kuna neno “sitapungukiwa”. Sasa weka ngoma na kayamba, watoto arobaini, na mwalimu mwenye haraka. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti yote inaangukia “ki”, na kale ka “si” ka mwanzoni kanamezwa na ngoma. Simama karibu usikilize. Wengi wanaimba “tapungukiwa”! Wanaimba kwa furaha, wanaruka, na wanatangaza kwamba Mungu akiwachunga watakosa. Silabi moja imeanguka na ahadi imegeuka. Na kwa sababu wimbo hausahauliki, kosa nalo halisahauliki. Hiyo ndiyo hatari ya chombo hiki kizuri: kinahifadhi chochote unachokitia.

Kwa hiyo ngoma ipumzike kwanza. Watoto waseme mstari polepole, mwalimu akisema kipande, wao wakiitikia. Kisha makofi, kofi moja kwa kila silabi, na kwenye “si” wote wapige mguu chini na kutikisa kichwa kukataa. Hapo hakuna atakayeimeza. Ukishasikia maneno yamenyooka, leta tuni, na tuni iwe fupi, ile ambayo mama anaweza kuiimba akisonga ugali bila kibodi. Mahali mstari ulipo nako kuimbwe, sura na namba, maana mtoto akikua atataka kuufungua mwenyewe. Ngoma ije mwisho kabisa. Mstari mmoja kwa wiki mbili unatosha kwa hawa wa PP1 na PP2. Walimu wengine wanapenda kuongeza mistari ili Jumapili ya wazazi ipendeze, lakini hiyo ni shoo.

Mwendo nao ubebe maana. Muulize mtoto wa miaka mitano mchungaji ni nani. Atakuonyesha mtumishi wetu pale mbele, mwenye suti! Kwake yeye mstari unasema Bwana ndiye pasta. Basi mpe fimbo. Atembee mbele, wenzake wawe kondoo nyuma, awahesabu, arudi kumtafuta aliyebaki. Wale wanaopita kila siku karibu na vijana wanaochunga ng'ombe kando ya barabara ya Kiminini wataelewa papo hapo. Na hapa Kitale, ambapo benchi moja lina Mbukusu, Msabaoti, Mturkana na Mkikuyu, fimbo inaeleweka kabla ya Kiswahili. Mzazi amalizie nyumbani kwa lugha ya nyumbani: umeimba nini? Akikwama, turudi nyuma pamoja.

Ni hapo nyumbani mstari unapojaribiwa. Mwezi wa sita na wa saba mahindi ya mwaka jana yameisha kwa wengi wetu, na yale ya shambani bado mabichi. Mtoto ametikisa kichwa, amepiga mguu, ameimba vizuri kabisa, kisha anachungulia debe na kuuliza: “Mama, si tumeimba hatutapungukiwa?” Tafadhali mama, baba, usimfokee. Usimwambie pia kwamba kesho unga utashuka kwa muujiza. Mungu anaweza, lakini huo si mstari unaosema hivyo. Ameuliza swali la mtu aliyelishika Neno kweli. Mketishe, umsomee zaburi yote, ni mistari sita tu. Mwonyeshe kwamba katikati kuna bonde lenye giza, na kondoo wanapita ndani yake, si kando yake, na mchungaji hajawaacha, fimbo bado iko mkononi. Mwonyeshe kwamba meza inaandaliwa adui akiwa bado amesimama pale. Kisha ombeni pamoja kwa jina la Yesu kuhusu debe hilo, kwa sauti, mtoto akisikia.

Walimu wa Kitale na Bungoma, mwezi huu tunaendelea na mstari wa nne wa zaburi hiyo hiyo. Una ka “si” kengine ndani yake. Wazazi, watoto wakiimba Jumapili, shusheni simu. Watahitaji mikono yenu kupiga makofi.