Kuchora mbalamwezi ya Hanang kwa rangi za mafuta

Wengi wetu tukichora usiku tunakimbilia rangi nyeusi. Nami nilianza hivyo hivyo, na Mlima Hanang wangu, wenye zaidi ya mita 3,400, ukatoka kama gunia la mkaa.

Mbalamwezi si giza, ni mwanga mdogo. Changanya bluu iliyokolea na kahawia, utapata weusi wenye uhai. Tabaka la kwanza lipake jepesi kwa tapentaini; yanayofuata yaongezee mafuta ya kitani, la sivyo rangi itapasuka ikikauka.

Nyeupe ibanie. Iweke kwenye mwezi, halafu kidogo tu kwenye chumvi ya ukingoni mwa Ziwa Balangida, basi.

Sasa watu. Shuka jekundu la mfugaji wa Kibarabaig usilipake jekundu: kwenye mwanga hafifu jicho hupoteza wekundu kwanza, kwa hiyo litaonekana karibu jeusi. Chora umbo tu, weka mstari mwembamba wa mwanga upande wa mwezi, na kivuli kianzie miguuni, maana bila hivyo mtu wako ataelea.

Kusema kweli, watu nilitaka kuwaruka, wana kazi mno. Kisha nikakumbuka 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlima huu huu hadi Katesh na kuua watu. Mlima mtupu ukanikataa. Nikachora watatu, wanarudi nyumbani. Wewe anza na mmoja.