Kashe Kwanza, Tafsiri Baadaye

Maswali ya wasomaji wa Uvira, Bujumbura na Kigoma kuhusu hati za ndoa zinazovuka mpaka

Kwenye mwambao huu wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, arusi nyingi zina upande mmoja ng'ambo. Bibi yuko Mulongwe hapa Uvira, bwana yuko Bujumbura, Kigoma, Antwerp au Texas. Wanaonijia kama mtafsiri wa hati huuliza kwanza bei ya tafsiri. Mimi huomba kwanza niione karatasi yenyewe, maana hati iliyoandikwa vibaya komini itabaki mbovu hata ikitiwa kwenye Kiingereza kizuri namna gani.

Mwalimu, tulibarikiwa kanisani hapa Uvira na mchungaji akatupa cheti. Mume wangu ni mkimbizi aliyepelekwa Marekani, sasa anataka kuniita. Nitafsiri cheti hicho?

Bado, dada yangu. Cheti cha kanisa kina heshima yake, ila mbele ya serikali ya Kongo hakiwafanyi mke na mume. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa eta sivili (msajili wa serikali), au ndoa ya kimila iliyofungwa kati ya familia mbili kisha ikaandikishwa kwake. Wamarekani nao wanauliza jambo moja: je, ndoa hii ni halali kule ilikofungwa? Kama si halali Uvira, haitakuwa halali Texas.

Nikuulize: mahari yalitolewa? Kama wazee walikaa, wakapatana na kupokea hata sehemu yake tu, basi ndoa ya familia ipo, na ndiyo ya kuandikisha. Nendeni kwenye ofisi ya eta sivili ya komini yenu mkiwa na mashahidi wa pande zote mbili. Akti ya ndoa mtakayopewa itataja mahari, na itataja pia utaratibu wa mali. Watu wengi huuruka mstari huo, nami huwasihi wausome. Msipochagua, sheria inawaweka kwenye utaratibu ambao kila mmoja hubaki na alichokuwa nacho kabla ya ndoa, na mnachokichuma baada ya hapo ni chenu wote wawili. Siku mmoja akifa ugenini, mstari huo ndio utakaosomwa.

Na tarehe, dada yangu, iandikwe ya kweli. Mkimbizi aliyeoa kabla ya kuingia Marekani ana njia ya kumwombea mkewe ndani ya miaka 2 tangu aingie; aliyeoa baadaye hupita njia nyingine. Kwa hiyo kuna wanaoshawishiwa kurudisha tarehe nyuma. Ofisa wa viza ana mbele yake majibu ambayo mumeo aliyatoa kambini, pale alipoulizwa kama ana mke. Karatasi ikipingana na majibu hayo, inayoanguka ni karatasi.

Mume hana namna ya kuja. Kaka yake asimame badala yake siku ya komini?

Sheria yetu inataka kila mmoja atoe ridhaa yake kwa kinywa chake. Kwa sababu nzito, hakimu wa tribunali ya amani anaweza kuruhusu mwakilishi. Ombeni ruhusa hiyo kwa maandishi, na nakala yake ikae pamoja na akti siku zote, la sivyo mtu atauliza huyu kaka alisimama kwa idhini ya nani.

Lakini Marekani ina sharti lake. Ndoa ambayo mmoja hakuwepo haihesabiki kwa ajili ya viza mpaka wawili hao wawe wamekutana kama mke na mume baada ya siku ile. Wengi huamua kukutana Bujumbura. Wekeni kashe (mihuri) za mpakani kwenye paspoti, tiketi, risiti za mahali mlipolala. Kuna pia viza ya mchumba, ila hiyo anaiomba raia wa Marekani tu. Mwenye kadi ya ukaaji haimhusu.

Ofisi ya Ulaya imeniambia nilete "apostili". Jirani anasema Bujumbura wanaitoa kwa siku chache. Nivuke mpaka wa Kavimvira?

Ukivuka kwa ajili hiyo utapoteza nauli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili linawagharimu watu wengi wa upande wetu.

Apostili ilizaliwa na mkataba uliotiwa sahihi mjini The Hague tarehe 5 Oktoba 1961. Nchi zilizo ndani ya mkataba zinakubaliana hivi: karatasi ikibandikwa cheti kimoja na mamlaka ya nchi iliyoitoa, nchi nyingine hazitadai sahihi ya ubalozi tena. Burundi imo tangu Februari 2015, Rwanda tangu Juni 2024. Kongo yetu haimo. Ndiyo maana mtu wa Uvira anaona jirani yake wa Gatumba, upande wa Burundi, akimaliza mambo haraka, akadhani njia ni hiyo hiyo. Burundi inaweza kuweka apostili kwenye hati za Burundi peke yake. Akti ya komini ya Kalundu haigeuki kuwa ya Burundi kwa kuvuka daraja. Hata hati ya Burundi yenyewe haipokelewi kila mahali kwa apostili: Ujerumani, kwa mfano, ilipinga kuingia kwa Burundi, na kati ya nchi hizo mbili cheti hicho hakifanyi kazi.

Kwa akti ya Uvira njia ni ndefu. Sahihi ya ofisa wa komini inathibitishwa na wa juu yake, mpaka dosie ifike Wizara ya Mambo ya Nje mjini Kinshasa. Kisha ubalozi wa nchi unakokwenda unathibitisha sahihi ya wizara. Hakuna anayethibitisha kwamba mnapendana, wala kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Kila mmoja anasema tu kwamba anaitambua sahihi iliyotangulia. Mmoja akikosekana katikati, wa mbele yake hana cha kutambua.

Kwa kuwa hakuna barabara ya kutegemea kutoka Kivu Kusini hadi Kinshasa, karatasi husafiri kwa ndege mkononi mwa ndugu. Mpe ndugu huyo barua ya uwakilishi yenye sahihi iliyothibitishwa, na umtumie akti yenyewe, si fotokopi. Usimpe mtu anayekuahidi kashe zote kwa siku moja bila kutoka Uvira. Ubalozi huwaandikia komini kuuliza kama akti namba fulani imo kwenye daftari. Aliyewasilisha hati ya uongo kwa Wamarekani anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote, na hasara hiyo humfika hata mwenye ndoa ya kweli aliyetaka tu kufupisha safari.

Tafsiri ifanyike lini, na nani?

Mwisho, baada ya kashe zote. Mtafsiri anatakiwa kutafsiri kila kilicho kwenye ukurasa: kashe, namba za daftari, maneno ya pembeni, hata sahihi isiyosomeka huandikwa kwamba haisomeki. Ukitafsiri kabla ya Kinshasa, karatasi itarudi na kashe ambazo hazimo kwenye tafsiri, na utalipa mara ya pili.

Nani afanye, inategemea unakokwenda. Kanada inapokea Kifaransa kama inavyopokea Kiingereza, kwa hiyo akti yetu haihitaji tafsiri kabisa. Nasikitika kuona watu wakilipia. Ubelgiji inategemea mji: Brussels na Liège Kifaransa kinatosha, Antwerp au Gent watataka Kiholanzi, tena kutoka kwa mtafsiri aliyeapishwa na kuandikishwa huko. Mtafsiri wa Uvira, hata awe hodari vipi, hana kiapo hicho. Idara ya uhamiaji ya Marekani haidai kiapo cha mahakama. Inataka tafsiri kamili ya Kiingereza, na chini yake mtafsiri aandike kwamba anazijua lugha hizo mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, atie jina, sahihi na tarehe. Baadaye, dosie ikihamia upande wa viza Kinshasa, hati za Kifaransa hupokelewa zilivyo kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya Kongo.

Angalia tarehe pia. Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani huanza na mwezi. Tarehe 5/8 ya Uvira husomwa huko Mei 8. Dai mwezi uandikwe kwa herufi.

Jina langu liko namna tatu: kwenye akti, kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye karatasi za kambi ya Nyarugusu. Mtafsiri anaweza kuyalinganisha?

Hapana, na mtafsiri anayekubali kufanya hivyo anakuharibia. Tafsiri inafuata karatasi.

Shida hii ina mizizi. Tangu 1972, wakati wa siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye uasili, Mkongomani ana jina, jina la pili la ukoo wetu tunaloliita postinomu, na jina la ubatizo likarudi baadaye. Fomu za ng'ambo zina nafasi ya jina la kwanza, la katikati na la familia. Karani mmoja anatia postinomu katikati, mwingine anaiunganisha na jina la familia, wa tatu anaiacha. Kambini, aliyekuwa hajui siku yake ya kuzaliwa mara nyingi aliandikiwa Januari 1. Basi mke na mume wanafika mbele ya ofisa wakiwa na watu wanne kwenye karatasi.

Chagua hati moja iwe mzizi. Mimi hupendekeza paspoti, kwa kuwa ndiyo utakayosafiri nayo. Kosa likiwa kwenye akti, omba tribunali hapa Uvira iamuru lirekebishwe. Komini haifuti kwa kalamu. Likiwa kwenye karatasi za kambi au za uhamiaji, peleka ombi la kusahihisha huko huko, mapema, kabla ya mwaliko wa mahojiano. Fanya hivyo kabla hujatuma chochote Kinshasa.

Mimi ni Mkongomani, nataka kuoa Kigoma. Nianze wapi?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya arusi. Utahitaji hati ya kwamba huna mke, kutoka komini yako. Kongo ina konsoli Kigoma. Pita hapo kabla ya kupanga tarehe, na rudi hapo baada ya arusi ili ndoa ijulikane kwetu. Cheti chako kikiwa cha Kiswahili, kitiwe kwenye Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya taifa katika katiba yetu, ila ofisi za Kinshasa zinaandika Kifaransa.

Akti yetu ilitolewa Bukavu mwaka 2025. Itapokelewa?

Tazama nani aliyeitia sahihi, na lini. Waasi wa M23 walichukua Bukavu Februari 2025, na Kinshasa haiwatambui viongozi waliowekwa na kundi hilo. Sahihi ambayo wizara haiitambui haiwezi kuthibitishwa. Kabla ya kulipia lolote, uliza ubalozi husika kwa maandishi, na hifadhi picha za arusi, orodha ya mahari na majina ya mashahidi.

Mto Mulongwe ulichukua nyumba yetu Aprili 2020, na akti ikaenda nayo. Mume amefariki, mwanangu yuko Ubelgiji na anahitaji uthibitisho kwamba tulioana.

Pole sana, mama. Akti iliyopotea nyumbani haijapotea ofisini. Nenda komini mlikoandikishwa uombe nakala kamili kutoka kwenye daftari. Ukikumbuka mwaka, watatafuta kwa mwaka. Wakisema daftari limeharibika, uliza kwenye grefe (masjala) ya tribunali, kwa sababu akti huandikwa kwa nakala zaidi ya moja na moja hupelekwa huko. Isipopatikana kote kuwili, komini ikupe barua ya kusema hivyo, na kwa barua hiyo unaomba tribunali hukumu ya kuziba nafasi ya akti. Nenda na mashahidi walioiona arusi yenu, wazee wa pande zote mbili kama bado wapo. Hukumu ikitoka, subiri muda wa rufaa uishe, omba cheti cha kwamba hakuna aliyekata rufaa, kisha komini iandike akti mpya kwa hukumu hiyo. Karatasi zote tatu, hukumu, cheti cha rufaa na akti, ndizo za kutumwa Kinshasa. Mwambie mwanao asilipe mtafsiri mpaka zirudi.