Mwembe wa Nyanya na Homoni Zake

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Likizo ya muhula wa pili mwaka jana nilikwenda kwa nyanya huko Makueni, nikamkuta ameshika shoka. Mvua ya masika haikutosha, na mwembe uliotulipia karo miaka mingi ulikuwa ukidondosha maembe machanga kama changarawe.

"Huu umekwisha," akasema. "Afadhali tuchome makaa."

"Ngoja kwanza, nyanya," nikamwomba. Nilikwangua gome la tawi kwa kisu. Ndani kulikuwa na kijani kibichi! Basi nikamweleza niliyofunzwa katika somo la baiolojia, nanyi wenzangu nawaeleza vivyo hivyo.

Mti hauna miguu ya kukimbilia kivuli. Una homoni, yaani kemikali chache sana zinazopeleka habari toka sehemu moja hadi nyingine. Homoni ya ukame ni asidi ya absisiki, ambayo wanasayansi waliitambua katika miaka ya 1960. Udongo ukikauka, asidi hii huongezeka majanini. Hapo vile vitundu vidogo vya jani viitwavyo stomata hujifunga, maji yasipotee ovyo.

Lakini kila jambo lina gharama yake. Hewa ya kaboni huingilia vitundu hivyo hivyo. Mlango ukifungwa, chakula kinachotengenezwa hupungua, na mti hauwezi kulisha watoto wote. Kwa kawaida, oksini itokayo kwenye tunda changa hukiimarisha kikonyo. Tunda likidhoofika, oksini hupungua, nayo ethilini, homoni iliyo gesi, hupata nguvu. Seli za kikonyo huachana, tunda likaanguka. Kumbe mwembe haukuwa ukifa. Ulikuwa ukipunguza mzigo ili uishi!

Je, tulifanya nini? Tulitandaza nyasi kavu kuuzunguka mti, mbali kidogo na shina, na kila jioni tukaumwagia maji tuliyosuuzia vyombo. Nyanya akalirudisha shoka ghalani. Maembe tuliyovuna hayakufika nusu ya yale ya msimu uliotangulia, na karo yangu bado ina deni. Hata hivyo mti upo, na mvua ya Novemba uliipokea kwa majani mapya.

Ewe msomaji, kabla hujaukata mti wa matunda, kwangua gome kwanza. Huenda unanyamaza tu, ukingoja mvua.