SOMO: KULUKULU ANATUPANDIA MITI BURE

Asubuhi kwenye mushitu ya pembeni ya mto tunasikia sauti yake, lakini kumuona ni kazi. Kulukulu ni mwoga, anajificha juu kwenye majani. Mwili ni wa buluu nyeusi, mdomo wa manjano, kishungi chekundu. Akiruka tu, njo tunaona mabawa mekundu. Ile rangi nyekundu ina shaba ndani yake, kama milima yetu ya Likasi!

Anakula matunda, na ya mkuyu anayapenda sana. Anameza, anaruka, mbegu zinaanguka na mavi yake mahali pengine, zinaota. Mizizi ya mikuyu inashika ukingo. Tukimaliza mushitu kwa makala, kulukulu anapotea, na udongo wa mashamba yetu unaenda na maji mpaka Lufira.

Tufanye hivi:
1. Tusikate mikuyu karibu na maji.
2. Tusilime mpaka ukingoni.
3. Kiangazi, tusafishe njia ya kuzuia moto kando ya mushitu.
4. Tukataze watoto kumpiga na manati: anataga mayai mawili tu.

Swali la mkutano: kwenu, kijito gani bado kina mikuyu? Nani ataichunga?