Kazi ya masaji ng'ambo: Mjue mdhamini kabla ya kutuma pesa

Huenda simu kama hii imekufikia wewe pia hapa jijini. Shangazi anapiga kutoka Masimba, kule Masaba Kusini, si mbali na Keroka. Binti yake amemaliza kozi ya urembo na amepata kazi ya masaji Dubai. Mdhamini yuko tayari na visa iko njiani. Kinachokosekana ni pesa za wakala. Ng'ombe ameshauzwa, bonasi ya majani chai imeshaingia, na wewe unayepokea mshahara unaombwa kujaza pengo kabla ya Ijumaa.

Usikatae, lakini usitume bado. Kazi yenyewe ipo na ni kazi halali. Hoteli na vituo vya starehe katika nchi za Ghuba huajiri wachuaji kutoka Ufilipino, Thailand, Indonesia na siku hizi Kenya pia. Shida ni kwamba binamu yako anapeleka huko vitu viwili ambavyo haviwezi kukopwa tena vikiharibika: jina lake katika karatasi za serikali ya watu, na mwili wake.

Tuanze na kazi. Kuchua na kukanda si mambo mageni kwetu. Pwani, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji moto, na karibu kila kijiji kina mtu anayejua kunyoosha mguu uliotenguka. Lakini ofisi za ng'ambo hutofautisha masaji ya kustarehesha na tiba ya viungo. Tiba ya viungo ni taaluma ya hospitali. Hapa Kenya inasimamiwa na sheria ya mwaka wa 2014 iliyounda baraza la wataalamu hao, na anayeifanya lazima awe amesajiliwa. Kozi ya urembo ya miezi michache, hata ikiwa nzuri, haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa hivyo mkataba unaosema binamu yako atawatibu wagonjwa wa kiharusi kliniki, huku cheti chake ni cha urembo, una kasoro tangu mwanzo. Atakayeulizwa leseni huko ni yeye. Wakala atakuwa Nairobi akinywa chai.

Sasa mdhamini. Katika nchi za Ghuba kibali cha kukaa hutegemea mwajiri aliyekuombea. Waarabu humwita kafili, na neno hilo hata Waswahili wa Pwani wanalijua. Kwa miaka mingi mfanyakazi hakuweza kubadilisha kazi bila ruhusa ya kafili wake. Mambo yamelegea kidogo. Qatar iliondoa sharti hilo la ruhusa mwaka wa 2020. Muungano wa Falme za Kiarabu, ambako ndiko Dubai iliko, ulianza kutumia sheria mpya ya kazi Februari 2022. Sheria hiyo inamkataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyakazi, na inakataza gharama za kuajiriwa kutozwa mfanyakazi, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Saa za kawaida ni 8 kwa siku au 48 kwa wiki. Hebu soma tena hapo penye gharama, kisha uikumbuke ile simu ya shangazi.

Visa inayopaswa kukushtua ni ya utalii. Wakala husema, "Nenda kwanza, utabadilishiwa ukifika." Anayefanya kazi kwa visa ya utalii Dubai anavunja sheria tangu siku ya kwanza, na muda ukipita faini ni dirham 50 kila siku. Hawezi kwenda polisi akidhulumiwa kwa sababu anaogopa kukamatwa yeye. Hapo ndipo mwenye kituo anapoanza kumwambia kwamba kuna wateja wanaotaka zaidi ya kuchuliwa. Polisi wa Dubai wameonya mara nyingi kuhusu vijikadi vya masaji vinavyobandikwa kwenye vioo vya magari, kwa kuwa nyuma ya vingi kuna vyumba visivyo na leseni. Msichana aliyetoka kwao kihalali kuja kuchua migongo anaweza kujikuta katika chumba kama hicho, pasipoti ikiwa kabatini mwa mtu mwingine. Kwetu, anayemsafirisha mtu kwa hila ili atumiwe hivyo anatenda kosa chini ya sheria ya mwaka wa 2010 dhidi ya biashara ya binadamu, ambayo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili.

Na wale wanaoahidi Ulaya? Uingereza imepandisha kiwango. Tangu Julai 2025 visa mpya za wafanyakazi wenye ujuzi hutolewa, kwa kazi nyingi, kwa zile za ngazi ya shahada. Uchuaji wa spa haumo. Anayekuuzia udhamini wa spa ya London mwombe akuonyeshe maandishi, kisha uone atakavyohama mazungumzo.

Nchini Kenya kuna kinga ambayo watu wengi huiruka kwa sababu ya haraka. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uidhinishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo anapaswa kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, hakudanganywa, ameyaelewa masharti, na ana afya ya kuifanya kazi hiyo. Mtu wa Masimba anaweza kuanzia ofisi ya kazi mjini Kisii. Nao mawakala wenye leseni wameorodheshwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Kama jina la wakala halimo katika orodha hiyo, mazungumzo yameisha, hata kama anasali kanisa moja na shangazi.

Tuje kwenye afya, kwa maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Anayekwenda Ghuba hupimwa katika vituo vilivyoidhinishwa, chini ya mpango unaoitwa Wafid, ambao zamani watu waliuita GAMCA. Huko hupigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, na damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Wanawake hupimwa mimba pia. Akifika Dubai anapimwa tena, na kwa wanaofanya kazi katika saluni na vituo vya afya ya mwili, homa ya ini aina ya B na kaswende huangaliwa hasa. Anayepatikana na virusi vya UKIMWI hurudishwa kwao.

Kosa la kawaida ni kumlipa wakala kwanza na kupimwa mwisho. Geuza utaratibu huo. Mwambie binamu yako aende hospitali ya kawaida, kama ile ya Rufaa ya Kisii, apimwe mambo hayo kabla shilingi moja haijatoka. Akipatikana na kaswende, hiyo hutibika kwa sindano. Kifua kikuu hutibiwa bila malipo katika hospitali za serikali, kwa kawaida kwa miezi sita. Virusi vya UKIMWI pia vina dawa za bure, na anayezitumia vyema huishi maisha marefu. Kilichofungwa ni mlango wa Ghuba tu. Ni uchungu kuyajua hayo Kisii, lakini ni uchungu zaidi kuyajua Dubai ukiwa na deni la ng'ombe.

Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Mtu mzima hudungwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo shangazi atafute kile kijitabu cha kliniki, pengine kiko chini ya godoro pamoja na hati ya shamba. Cheti cha homa ya manjano, ikiwa nchi aendayo inakitaka, kinatosha maisha yote tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka wa 2016, mradi chanjo idungwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Kisha kuna mwili wa mchuaji kazini, jambo ambalo hakuna wakala anayelitaja. Mtu anayechua wateja sita au saba kwa siku, siku sita kwa wiki, huanza kuumia kwenye kidole gumba, mahali kinapoungana na kiganja. Baadaye hupata ganzi ya vidole usiku, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono umebanwa. Mgongo hufuata. Dawa ya kwanza ni kubadilisha namna ya kusukuma: tumia kigasha na kiwiko, sukuma kwa uzito wa mwili, na uviachie vidole kazi ndogo. Kitanda kiwe cha kimo kinachofaa. Simama wima kando yake, mikono ikining'inia, umekunja ngumi. Ngumi ziguse kitanda kidogo tu. Mafuta yenye manukato makali nayo hupasua ngozi ya mikono, na ngozi iliyopasuka ni mlango wa maradhi. Ndiyo sababu mkataba unapaswa kusema idadi ya wateja kwa siku na muda wa kupumzika kati yao, pamoja na mshahara wa msingi mbali na kamisheni. Bima ya matibabu iandikwe pia.

Aidha, kuna wateja wasiofaa kuchuliwa. Mgeni wa hoteli ametoka kwenye ndege ya saa kumi na mbili na anasema shavu la mguu mmoja linamuuma, limevimba na lina joto. Mkono wako usiguse hapo. Yawezekana ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ikisukumwa inaweza kung'oka ikafika mapafuni na kumuua. Mpeleke kwa daktari. Mwenye homa, kidonda kibichi au upele wa kuambukiza asubiri apone. Mjamzito na mgonjwa wa saratani waulize daktari wao kwanza. Mchuaji aliyefunzwa vizuri anayajua haya, nawe unaweza kumpima binamu yako kwa simu dakika mbili. Akishindwa, kozi haijaisha.

Basi mpigie shangazi leo jioni. Mwombe akutumie picha ya mkataba, jina kamili la kampuni ya Dubai, na jina la wakala kama lilivyo kwenye leseni. Tazama kama kazi iliyoandikwa kwenye visa ni ileile iliyo kwenye mkataba na kwenye cheti cha binamu yako. Zile pesa za Ijumaa, toa kwanza kiasi kidogo cha vipimo na chanjo. Sindano ya kwanza anaweza kudungwa wiki hii, wakati karatasi nyingine zikiendelea kuchunguzwa.