Staringi na Mhusika Mkuu: Neno la Watazamaji katika Tamthiliya ya Upelelezi

Makala hii inachunguza neno staringi kama linavyotumiwa na watazamaji, na inadai kwamba linaieleza tamthiliya ya upelelezi kwa usahihi kuliko istilahi ya darasani, mhusika mkuu.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo katika mitaa kama Pasua, mjini Moshi, ambako Wachaga wa Machame na wa Rombo, Wapare na wengineo hukutana katika Kiswahili, filamu ya kigeni ilitangulia kwa kanda za video. Asili ya staringi ni neno la Kiingereza linaloandikwa mwanzoni mwa filamu kabla ya majina ya waigizaji wakuu. Huko kwao ni umbo la kitenzi. Kiswahili kimeliongezea irabu, kimelifanya nomino na kulipatanisha na ngeli ya watu: staringi ameingia, staringi wetu.

Muhimu zaidi ni kauli inayoandamana nalo: staringi hafi. Hatakufa ingekuwa ubashiri, na hakufa ingekuwa taarifa. Hafi ni kanuni, nayo hujulikana kabla kisa hakijaanza. Mhusika mkuu hana kinga ya namna hiyo. Katika tanzia hufa, na wahakiki hawashangai.

Je, taharuki inabaki wapi? Columbo, tamthiliya ya Marekani iliyoongozwa na uigizaji wa Peter Falk, inajibu. Kwa kawaida mtazamaji huonyeshwa muuaji mwanzoni kabisa, kisha mpelelezi huingia na koti lake lililochakaa, sigara kubwa mkononi, akimtaja mke asiyeonekana, akiaga na kurudi kwa swali moja zaidi. Swali "nani aliua?" limekwisha kujibiwa. Linalosalia ni namna mtu huyu apendezaye atakavyomnasa tajiri anayemdharau. (Wanaoiona kasoro ya msuko wanapima kwa kipimo kisichohusika.) Kisa kinabebwa na staringi, si na siri.

Katika fasihi ya Kiswahili Muhammed Said Abdulla alikwisha kumjenga mtu wa aina hiyo, Bwana Msa mwenye kiko, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Kichwa cha riwaya ya baadaye, Kosa la Bwana Msa (1984), kina nguvu kwa sababu moja tu: msomaji amezoea kwamba Bwana Msa hakosei. Hakosei, kama hafi, ni kanuni. Kichwa kinatishia kuivunja.

Mwalimu anayelikata neno staringi katika insha na kuandika mhusika mkuu juu yake hasahihishi msamiati tu. Anaifuta ahadi ambayo mwanafunzi alikuwa ameitambua, na kumwachia istilahi inayowafaa kwa usawa Columbo na mfalme anayeuawa katika tendo la tano.