Kabla ya Kumwendea Daktari wa Upasuaji wa Kinywa

Mtu mwenye jino la mwisho lililolala ndani ya taya huenda akapelekwa kwa daktari wa upasuaji wa kinywa. Wengi huogopa kisu. Lakini la kuogopwa zaidi ni kumficha daktari habari.

Kwanza, andika katika karatasi dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba. Dawa zizuiazo damu isigande, kama warfarini na aspirini, zaweza kufanya kidonda kitoke damu kwa muda mrefu. Hata hivyo, usiziache kwa shauri lako mwenyewe, maana damu yaweza kuganda moyoni au ubongoni ikaleta mauti. Daktari ndiye atakayeamua.

Pili, mweleze maradhi yako, kama kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na dawa yo yote iliyowahi kukudhuru. Mwanamke mwenye mimba aseme.

Tatu, uliza kama utatiwa ganzi tu au utalazwa usingizi. Alazwaye usingizi kwa kawaida hukatazwa chakula kwa muda wa saa 6, na maji kwa muda wa saa 2, kabla ya kupasuliwa. Kwani kilichomo tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Naye afuatane na mtu mzima wa kumrudisha nyumbani.

Mwisho, uvimbe ukishuka shingoni, au kumeza na kupumua kukiwa kwa shida, usingoje siku ya miadi. Nenda hospitali saa ile ile.